Kilainishi cha joto: hilo joto linatoka wapi?

Nikiombwa nitengeneze kilainishi cha kujamiiana kinachotia joto, swali langu la kwanza huwa moja: hilo joto litoke wapi? Njia ziko mbili, na zote mwili unazilipia.

Ya kwanza ni joto la kweli. Dondosha glisirini tupu kiganjani, ongeza matone machache ya maji, kisha sugua. Utahisi uvuguvugu unaopanda upesi na kufifia muda si mrefu. Glisirini na propilini glaikoli, vimiminika vizito vyenye kiu ya maji, hutoa joto zikikutana nayo, ndiyo maana vilainishi vingi vya aina hii havitiwi maji kabisa, au hutiwa kidogo mno. Ukiyatia mapema, joto lote linaishia kwenye pipa la kuchanganyia.

Lakini kitu chenye kiu ya maji namna hiyo hakichagui pa kuyatoa. Kikigusa utando laini wa uke au wa njia ya haja kubwa, huvuta maji kutoka ndani ya seli, nazo husinyaa na kubanduka. Nguvu hiyo ya kuvuta tunaipima kwa osmolaliti. Majimaji ya mwili yako karibu na 290 (miliosmoli kwa kilo). Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa 2012, lilisema kilainishi kisizidi 380, ila kwa kipindi cha mpito likakubali hadi 1,200. Sasa piga hesabu: asilimia 1 tu ya glisirini huongeza takriban 110. Kilainishi ambacho karibu chote ni glaikoli kinafika maelfu. Mimi sikitengenezi, hata mteja akikipenda vipi.

Njia ya pili ni kuidanganya neva. Kapsaisini, ile inayoipa pilipili ukali wake, hushika kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho kwa kawaida huamshwa na joto la nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Utando haujapata joto lolote, ila ubongo umeletewa habari ya moto. Kati ya kupasha na kuunguza hapo ni dozi tu. Niliwahi kupaka sampuli ndani ya mkono wangu, sikuhisi kitu, nikaongeza dozi. Nilipoijaribu mdomoni, iliniunguza karibu nusu saa. Ngozi ya mkono ina tabaka gumu juu. Uke hauna tabaka hilo, na ndani kabisa ya njia ya haja kubwa ukuta wa juu ni safu moja tu ya seli. Tangu siku hiyo siuamini mkono kunipa jibu la muwasho.

Ninachotengeneza sasa ni jeli ya maji iliyokolezwa kwa selulosi, yenye glisirini asilimia 2 hivi, nikiipima kwa osmomita hadi ibaki chini ya 380. Joto nalitafuta kwa vanilili butili etha, kemikali nyingine ya kuidanganya neva, ambayo ni pole kuliko kapsaisini, kwa dozi ndogo kabisa inayohisika. Kwa uke, asidi laktiki huiweka pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) karibu 4.5, ambapo bakteria wema wanastawi. Kwa njia ya haja kubwa pH iwe kati ya 5.5 na 7, na hapo kihifadhi, yaani kinachozuia vijidudu, lazima kibadilike, kwa sababu sodiamu benzoeti ninayoitia kwenye jeli ya uke hupoteza nguvu asidi ikipungua. Mafuta ya mdalasini na karafuu siyagusi: yanawasha, yanaleta mzio, na mafuta kwa jumla hudhoofisha kondomu za lateksi. Kabla ya kutoka, kila toleo hupimwa muwasho kwa kufuata ISO 10993, kiwango cha kimataifa cha kupima usalama wa vifaa vya tiba, kisha hupimwa na kondomu zenyewe.

Na anayetaka uvuguvugu tu, mimi humwambia aiweke chupa ya kilainishi cha kawaida, ikiwa imefungwa, kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha aonje joto kwa kifundo cha mkono. Kwa kupima joto, mkono unatosha, na osmolaliti haijasogea hata kidogo.