Ukikitoa Majini, Kimekuwa Deni Lako

Tufe la mzinga la chuma cha kusubu lililokaa karne mbili baharini linaweza kuonekana zima kabisa. Umbo lipo na mviringo wake haujaguswa. Ukilishika ndipo unashangaa wepesi wake. Maji ya chumvi yamekwisha kukila chuma chenyewe, yakaacha kiunzi cha grafiti, ile kaboni laini ya ndani ya penseli, na ukucha tu unatosha kuikwangua. Liache likauke juu ya sitaha: chuma kidogo kilichosalia kinakutana na oksijeni kwa ghafla, na tufe linaweza kupata moto mkononi mwako. Baada ya muda linaanza kubanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

Naanzia hapo kwa sababu wazamiaji wakibishana juu ya kuokota vitu kwenye meli zilizozama, huanza na swali la mwenye mali. Swali hilo nitalifikia. Lakini liko linalolitangulia: utaweza kukitunza? Kwa karibu kila anayeshuka na mtungi mgongoni na mfuko wa wavu kiunoni, jibu ni hapana.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Kitu kikikaa humo miaka mingi, kloridi, sehemu ya chumvi inayoharibu zaidi, inapenya hadi kiini chake, na kitu na maji vinafikia aina ya suluhu: uharibifu unaendelea, ila polepole mno, hasa kikiwa kimefunikwa na mashapo yasiyo na oksijeni. Kukitoa ni kuivunja suluhu hiyo. Chuma kinatoa jasho, vitone vya rangi ya machungwa, kisha kinapasuka. Shaba na bronzi hufanya unga wa kijani kibichi hafifu ambao ukiufuta leo unarudi hewa ikipata unyevu. Kwenye vyombo vya udongo, chumvi inaganda kuwa fuwele chini ya rangi ya kung'aa na kuibandua vipande vipande. Mbao ndizo zinazosikitisha zaidi: nguvu ya ndani imeshaliwa, na kinachoshikilia umbo ni maji yenyewe. Yakikauka, ubao unajikunja, unasinyaa na kupasuka.

Tiba ipo, lakini ina gharama ya muda. Chombo cha udongo huanza kulowekwa kwenye maji ya bahari, yakapunguzwa chumvi hatua kwa hatua kwa maji yasiyo ya chumvi, na mwisho yakatumika maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake, huku kloridi ikipimwa kila maji yanapobadilishwa hadi isionekane tena. Hiyo ni miezi. Mzinga wa chuma unazamishwa kwenye mmumunyo wa hidroksidi ya sodiamu (soda kali), mara nyingi ukipitishwa umeme hafifu, na hiyo ni miaka. Meli ya Vasa, iliyoinuliwa Sweden mwaka 1961, ilinyunyiziwa polietilini glaikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, kwa miaka 17 ili mbao zisisinyae, na mpaka leo wahifadhi hawajapumzika. Anayeweka sahani kwenye ndoo ya maji ya bomba kwa wikendi mbili, kisha anaipaka vanishi, amefungia chumvi ndani. Itang'aa mwaka mmoja, pengine miwili.

Sasa mahali. Kitu cha kwenye meli kina habari ya namna mbili: kilivyo, na kilipo. Namna ya pili haina umbo, haionekani kwenye kabati la sebuleni, na inafutika sekunde ile unapokinyanyua. Chukua telegrafu ya injini, ile sahani ya shaba yenye mkono wa kupeleka amri kutoka kwa nahodha kwenda chini kwa mafundi. Mkono uliposimama unaweza kuwa ndiyo amri ya mwisho kutolewa kabla ya meli kuzama. Nasema unaweza, kwa kuwa minyororo inayouunganisha na chumba cha injini huvutwa meli inapovunjika na kuusogeza; ndiyo maana mchunguzi huulinganisha na sahani pacha iliyoko chini kwa mafundi. Mzamiaji akiuzungusha kidogo ili picha ipendeze, ushahidi umekufa bila kitu chochote kuibwa. Sahani za chakula zilizoegemeana upande mmoja nazo husema meli ililalia ubavu gani. Kengele yenye jina huweza kuwa kitambulisho pekee cha meli nzima. Ikiondoka, mabaki yale yanabaki chuma kisicho na jina.

Kwa hiyo siwahesabu wasioiba lakini wanaopanga vitu kuwa hawana kosa. Kwenye meli za Kijapani za wakati wa vita huko Chuuk Lagoon, visiwani Mikronesia katika Pasifiki, zilizozamishwa na ndege za Marekani mwaka 1944, utakuta chupa, barakoa za kujikinga na gesi na vyombo vya mezani vimekusanywa pamoja kama meza ya maonyesho. Kila kimoja kilitolewa mahali fulani, mara nyingi ndani ya tope lililokuwa likikilinda. Hakuna atakayejua tena wapi.

Kuhusu mwenye mali: dhana kwamba aliyeokota ni chake haina mguu karibu kokote. Sheria ya uokoaji baharini, inapotumika, humpa mwokoaji haki ya malipo, si umiliki. Uingereza, kila kilichotolewa kwenye meli iliyozama lazima kiripotiwe kwa mpokeaji rasmi wa mabaki ndani ya siku 28, hata kama ni dirisha la duara lililookotwa mchangani. Marekani iliandika katika sheria ya mwaka 2004 kwamba manowari zake na ndege zake za kijeshi zinabaki mali yake bila kujali zimelala miaka mingapi. Kampuni moja ya Marekani ilijifunza jambo hilo kwa hasara: mwaka 2007 ilitoa baharini sarafu zaidi ya nusu milioni kutoka meli ya Hispania, Nuestra Señora de las Mercedes, iliyolipuka mwaka 1804. Mahakama iliamuru zirudishwe, na mwaka 2012 zikapanda ndege kwenda Hispania. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2009, unagusa mabaki yaliyokaa majini angalau miaka 100. Unapiga marufuku biashara yake na kutaka kuyaacha palepale liwe chaguo la kwanza kufikiriwa. La kwanza, si la pekee.

Na pale penye watu waliokufa ndani, sioni mjadala. HMS Royal Oak, manowari ya Uingereza, ilizama Scapa Flow, ghuba ya Scotland, mwaka 1939 na zaidi ya watu 800. Ni kaburi.

Hoja mbili zinarudi kila mara. Ya kwanza: nisipochukua mimi, atachukua mwingine. Hiyo ni hoja ya kila anayechukua, na ndiyo iliyozivua meli nyingi zinazofikika kwa urahisi. Ya pili ina uzito: chuma kinaoza, dhoruba inapiga, nyavu za kukokota zinabomoa. Ni kweli. Kuna vitu vinavyostahili kutolewa kabla havijapotea. Kengele ya HMS Prince of Wales, manowari ya Uingereza iliyozamishwa Desemba 1941, ilipandishwa na wazamiaji mwaka 2002 kwa ruhusa ya serikali ya Uingereza, kwa hofu kwamba wezi wangeitangulia, na ikapelekwa makumbusho ya Liverpool. Angalia kilichokuwepo kabla ya kuguswa: ruhusa, kumbukumbu, mhifadhi na mahali pa kuiweka. Hoja ya kuoza inadai hayo yote manne. Haidai mfuko wa wavu.

Hesabu ya kuinua nayo huwadanganya watu. Kengele ya bronzi ya kilo 20 ina uzito wa kilo 18 hivi majini, na lita moja ya hewa ndani ya puto la kuinulia hubeba takriban kilo moja. Kwa kina cha mita 30 zinatosha lita 18, ambazo kwa kipimo cha juu ya maji ni lita 72. Kwenye mtungi wa lita 12 hata hutaona sindano ya geji ikishuka sana. Hatari iko kwingine. Kengele iliyozama topeni imefyonzwa, kwa hiyo unaongeza hewa, na zaidi, mpaka inachomoka ghafla ikiwa na hewa kupita kiasi. Hewa hiyo inatanuka mara nne kufika juu. Kamba ikiwa imekushika mkono, mnapanda pamoja. Puto likipinduka na kumwaga hewa, kilo 18 zinamrudia aliye chini. Anayetumia jaketi lake la kuelea badala ya puto, mzigo ukimponyoka anaruka kama kizibo cha chupa. Na kwenye meli za vita, ganda la chokaa na kutu huweza kuwa limeficha risasi ya mzinga ambayo bado ina uhai.

Badala ya kuchukua kitu, chukua habari ya mahali kilipo. Piga picha mbele ya kipimo cha sentimita 10, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Andika kina na saa kamili, ili baadaye maji kujaa na kupwa yaweze kutolewa kwenye hesabu. Pima umbali kwa utepe kutoka pointi tatu au nne za meli zisizosogea. Dira usiiamini: karibu na chuma kingi kiasi hicho sindano inapotoka. Kwa modeli ya pande tatu, ogelea mistari sambamba kwa mwendo mmoja, kila picha ikifunika asilimia 60 hadi 80 ya iliyotangulia. Ndani ya meli usikae bila sababu, maana mapovu yako yanakusanyika chini ya dari na kupeleka oksijeni kwenye chuma ambacho kilikuwa hakiipati.

Na kama kitu kiko kwako tayari? Kikiwa bado kibichi, usikikaushe. Kiweke kwenye chombo cha plastiki chenye maji kilichotoka nayo, kifunikwe, gizani, mahali pa baridi, na uandike juu yake siku, mahali na kina. Usikwangue ganda, kwa sababu mara nyingi kitu chenyewe kimekwisha na ganda ndilo kalibu yake. Kama kilikauka miaka iliyopita na kimetulia, usikiloweke upya. Kifungie kwenye boksi lenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Kisha piga simu kwa mamlaka ya mambo ya kale au makumbusho kabla hujagusa kingine.