Kampuni ya Nyanda za Juu mbele ya wawekezaji: yanayodhaniwa na ukweli wake

Wasindikaji wengi wa viazi, parachichi, kahawa na maziwa huku Mbeya, Njombe na Iringa wana biashara nzuri kuliko maelezo wanayoyapeleka kwa wawekezaji. Kinachowaangusha ni dhana chache zinazopokezanwa kutoka semina moja hadi nyingine.

Dhana: slaidi nyingi zenye mapambo ndizo zinazoleta mtaji

Guy Kawasaki, Mmarekani aliyefanya kazi Apple kisha akaingia kwenye uwekezaji, alishauri slaidi 10, dakika 20, na herufi zisizopungua pointi 30. Hiyo si sheria, lakini ukiifuata unabaki na muda wa maswali, na uamuzi hujengwa kwenye maswali.

Dhana: soko likionekana kubwa, inatosha

"Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, tukipata asilimia moja tu…" Sentensi hiyo haisemi lolote kuhusu kampuni yako. Hata kutaja SAGCOT, mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini mwa Tanzania uliozinduliwa 2010, hakumwongezei kitu mwekezaji wa kilimo, anaujua. Asichokijua ni hesabu ya kilo moja ya bidhaa yako, na hapo ndipo ungetumia nguvu zako zote.

Chukua mtu anayekaanga krispi Uyole, Mbeya. Akisema ananunua magunia 200 kwa wiki, mwekezaji ataandika kilo 20,000, kwa kuwa gunia halali halitakiwi kuzidi kilo 100. Kama gunia lake ni lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo, gharama ya kila kilo imeshapotoka kabla hajafika slaidi ya tatu. (Na lumbesa inamnyonya mkulima, mwekezaji makini atauliza.) Pima kwa mizani, andika kilo. Kisha onyesha kwamba kilo moja ya krispi inakula takribani kilo 4 za viazi vibichi, ongeza mafuta, kuni au gesi, vifungashio, vibarua, na usafiri wa zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Kinachobaki baada ya kuuza ndicho anachokuja kukiona. Onyesha pia bei ya viazi msimu wa mavuno na bei yake vinapoadimika, maana wastani wa mwaka huficha miezi ambayo fedha hukauka.

Dhana: "hatuna mshindani"

Mshindani wako ni dalali anayefika shambani Rungwe na fedha taslimu mkononi, wakati kampuni yako inalipa baada ya wiki mbili. Mtaje mwenyewe, ueleze kwa nini mkulima akuuzie wewe.

Dhana: mwekezaji ni benki isiyodai hati ya nyumba

Wengi huahidi kurejesha fedha ndani ya mwaka pamoja na riba. Anayenunua hisa hakukopeshi. Anakuwa mwenye mali pamoja nawe, anapata gawio faida ikigawanywa, au anauza hisa zake baadaye kwa bei ya juu. Kampuni ikifa, fedha yake imekwenda nayo. Kwa hiyo lijue vizuri ombi lako. Ukiomba shilingi milioni 50 kwa asilimia 20 ya hisa, umesema kampuni itakuwa na thamani ya milioni 250 fedha hizo zikishaingia, yaani milioni 200 kabla. Jiandae kuitetea hiyo milioni 200 kwa mauzo, mashine na mikataba ya wanunuzi.

Dhana: wataniibia wazo, bora nifiche

Wawekezaji wengi hawasaini mkataba wa usiri kwenye kikao cha kwanza. Jina na nembo visajili mapema BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kama una uvumbuzi unaostahili hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), peleka maombi kabla ya kuutangaza. Mengine yaseme wazi.

Dhana: lazima Kiingereza

Uliza kabla ya kikao. Akikubali Kiswahili, tumia Kiswahili, na majedwali ya fedha yaandae kwa lugha zote mbili ili mwanasheria na mhasibu wake wayasome bila wewe kuwepo.