Kipandikizi cha jino: kwa nini skrubu hulegea, na mpango mzuri unavyozuia

Kipandikizi (mzizi bandia wa titani unaopandwa kwenye mfupa wa taya) kikishashikana na mfupa, ni nini tena kinachoweza kuharibika?

Mfupa unaweza kuwa mzima kabisa, lakini vilivyo juu yake vikashindwa. Skrubu inayoshika taji (jino bandia linalokaa juu ya kipandikizi) hulegea au hukatika, kauri ya taji humeguka, na mara chache kipandikizi chenyewe cha titani huvunjika.

Mbona jino la asili halina shida hiyo?

Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazoliunganisha na mfupa. Ukiuma kitu kigumu hubonyea kidogo, na ubongo hupata habari upunguze nguvu. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Huvumilia vizuri nguvu inayoshuka wima. Kinachokitesa ni nguvu ya pembeni, inayokipinda kidogo kidogo kila unapotafuna hadi chuma kichoke.

Mpango mzuri huanzia wapi?

Huanzia kwenye taji. Daktari aamue kwanza taji litakaa wapi na litakutanaje na meno ya upande wa pili, ndipo achague pa kutoboa. Kipandikizi kikiwekwa tu pale penye mfupa mwingi, taji hulazimika kuegemea pembeni, na skrubu ndiyo inayolipa. Kwa gego, kipandikizi kiwe kinene kadiri mfupa unavyoruhusu, uso wa kutafunia uwe mwembamba, na vilele vyake visiwe na miteremko mikali. Sehemu ya daraja (meno bandia yaliyounganishwa, yanayobebwa na vipandikizi) inayoning'inia bila kipandikizi chini yake iwe fupi.

Daraja lenyewe likae bila kulazimishwa. Likilazimishwa, skrubu huwa zimeshavutwa kabla hujala chochote. Hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji (mara nyingi kati ya Ncm 15 na 35, yaani newton-sentimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha hukazwa tena baada ya dakika 10 hivi, maana mkazo wa mwanzo hupungua.

Nasaga meno usingizini. Nisiweke?

Unaweza kuweka, ila sema mapema. Huenda ukahitaji vipandikizi zaidi, na kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku.

Taji limeanza kucheza, lakini haliumi. Nisubiri?

Usisubiri. Skrubu iliyolegea ikiendelea kutafuniwa hukatika, na kutoa kipande kilichobaki ndani ni kazi ngumu. Ukifika, usiridhike na kukaziwa tu: omba daktari akague meno yanavyokutana, na akueleze kwa nini ililegea.