Watoto Wake Wapo, Kikundi cha Nini?

Wiki hii nimeambiwa tena: "Mama ana watoto sita, ana wajukuu, ana jumuiya yake kanisani. Kikundi cha wagonjwa cha nini?" Wanaosema hivi ni watu wema wanaompenda mama yao, na ndiyo maana inaniuma. Mama anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Muuguzaji na mwenzi wa ugonjwa, yaani anayeugua kama wewe, ni watu wawili tofauti. Mtoto anapika uji, analipa boda, anashika faili kwenye foleni ya hospitali ya Mulago, Kampala, tangu alfajiri. Kazi hiyo hakuna kikundi kitakachomfanyia. Lakini mtu akiambiwa ana kansa akiwa na miaka 68, hujipa kazi ambayo hakutumwa na mtu: kuwakinga watoto wasiogope. Ukimuuliza amelalaje, amelala salama. Maumivu? Yamepungua. Chakula anakizungusha mdomoni mpaka mwanawe atoke nje, kisha anakitema. Watoto nao wananong'ona jikoni wasimtie hofu. Nyumba nzima inakingana, na neno lenyewe hakuna anayelitamka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mama hawezi kumsimulia mwanawe kunguni hao bila kumwona anabubujikwa na machozi. Kwa mgonjwa mwenziwe anasimulia, maana yule halii, anamuuliza tu wanauma zaidi usiku au mchana.

Tena yapo maradhi ambayo ndani ya ukoo hayatamkiki kabisa. Buganda, mzee akianza kutetemeka mikono, wapo watakaosema ni buko, kwamba amevunja mwiko wa kumgusa mkwe. Mzee wa miaka 70 mwenye ugonjwa wa Parkinson ataanzia wapi kulizungumza hilo mbele ya wanawe na wakaza wanawe? Shirika la ugonjwa huo hapa Uganda limejiita Parkinson's Si Buko, na jina peke yake linamwondolea mtu mzigo kabla hajafika mlangoni.

Nichukue mfano wa mpira wa mkojo, ule mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu hadi mfukoni, maana wazee wengi wa tezi dume wanarudi nao nyumbani. Muuguzi anasema: mfuko ukae chini ya kibofu wakati wote ili mkojo usirudi ndani, umwage kabla haujajaa, rudi baada ya wiki nne ubadilishiwe. Yote ni sawa. Mzee akifika nyumbani ndipo maswali yanapoanza. Analala kwenye godoro lililo sakafuni, sasa "chini ya kibofu" ni wapi? Ijumaa anataka kwenda msikitini kwa boda. Udhu utakuwaje? Mwenziwe aliyekaa na mpira miezi minane anayo majibu. Godoro ameliinua kwa matofali na mbao, mfuko unalazwa ndani ya beseni pembeni. Kabla ya kupanda boda anaumwaga, anaufunga pajani juu kidogo ya goti kwa kitambaa laini, na mpira anauachia kitanzi ulegee ili akikunja mguu usivutwe. Kitambaa hakikazwi, kwa sababu kikibana, mkojo unasimama na tumbo la chini linaanza kuuma. Mfuko ukiwa mtupu kwa saa kadhaa huku tumbo limejaa, hangoji siku ya kliniki, anakwenda siku hiyo hiyo. Udhu alishamuuliza shehe wake: anatia upya kwa kila sala, anaswali. Juu ya vyote hivyo anavaa kanzu. Mazungumzo ya robo saa, na mzee aliyekuwa amejifungia chumbani anatoka.

Sasa niambie ni mtoto gani angemfundisha baba yake hayo. Na baba gani angemuuliza bintiye.

Hoja ya kwamba "sisi tuna ukoo, vikundi ni mambo ya Wazungu" inanichosha zaidi ya zote. TASO, shirika la kusaidia wenye virusi vya UKIMWI, ilianzishwa hapa hapa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi hivyo au wamefiwa na mtu wao, wakati ambapo hakukuwa na dawa za kuwapa watu. Wanawake waliopona kansa ya matiti wana kikundi chao, UWOCASO, tangu 2004. Wote hao walikuwa na ukoo.

Namna ya kumpata mwenzi. Muulize muuguzi wa kliniki, kwa sababu daktari ana foleni mlangoni na hawajui wagonjwa wake nje ya faili. Nenda siku ya kliniki ya ugonjwa wako, na mwambie waziwazi: nataka mtu anayepata matibabu kama yangu, tunaosikilizana lugha, wa rika langu, aliyekwisha kupita miezi sita hivi. Muuguzi hawezi kukupa namba ya mgonjwa mwingine bila idhini yake, na asiyejali hilo mwogope, kwa kuwa yako pia ataigawa. Acha namba yako, yeye amuulize mwenzako, mwenzako akupigie. Wiki mbili zikipita kimya, muulize tena, kwa sababu wauguzi wana mengi na ombi lako limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Ukiwa karibu na hospisi, yaani huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, uliza kama wana siku ya wagonjwa kukutana. Mhudumu wa VHT, wale wa afya wa kijijini, anaweza kusaidia pia, lakini kumbuka ni jirani yako. Pima kwanza kama siri inakaa kwake.

Nimetaja matibabu kabla ya jina la ugonjwa makusudi. Watu hukutanishwa kwa sababu wote "wana kansa", halafu wanashangaa mazungumzo hayaendi. Mwenye kansa ya shingo ya kizazi anayepigwa mionzi ana ngozi inayowaka na kuhara. Mwenye kansa ya titi anayewekewa dripu ya dawa za kansa ana kichefuchefu na nywele zinazong'oka. Hawana la kuambiana kuhusu Jumatatu ijayo. Bora mwenye mpira kwa tezi dume akutane na mwenye mpira kwa kiharusi. Na rika ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kijana wa miaka 30 analilia kazi na watoto wadogo, wakati mzee ana presha, sukari na magoti tayari, na swali lake ni kama dawa mpya zitaelewana na zile za zamani, na nani atamwangalia mkewe ambaye naye haoni vizuri.

Kuhusu simu, usimwingize mzee kwenye kundi la WhatsApp ukadhani umemaliza. Mara nyingi simu yenyewe ni ya mjukuu, kwa hiyo kila anachoandika kinasomwa kwanza na yule aliyekuwa akimficha. Simu ya vitufe inatosha. Wakubaliane siku mbili za wiki, saa maalumu, dakika kumi au kumi na tano. Siku nyingine wabipiane: bipu moja niko salama, bipu mbili nipigie. Wagawane salio, asiwe mmoja anayepiga kila siku. Kama masikio yamepungua, wakutane ana kwa ana siku ya kliniki, nusu saa kabla ya foleni kuanza.

Kikundi kikiundwa, watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi na wawili, wazee wenye sauti ndogo hawasemi. Saa nne asubuhi, baada ya dawa na chai, waachane kabla ya saa sita. Viti viwe na migongo, choo kiwe karibu kisicho na ngazi. Nauli ndiyo inayoua vikundi vingi, kwa hiyo mahali pachaguliwe kwa nauli ya aliye mbali kuliko wote. Na nawasihi, msianze kwa kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tunapenda vyeo. Ndani ya miezi mitatu kikundi kinakuwa cha kuweka na kukopa, asiye na mchango anaona haya kuja, na huyo ndiye mgonjwa kuliko wote. Pesa ziwe na kikundi chake, siku yake.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ulinganishaji wa dawa. Chukua mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Chupa ya kijani ina miligramu 5 kwa kila mililita 5, nyekundu ina miligramu 50 kwa mililita zile zile. Mmoja akisema "mimi nanywa kijiko kimoja na maumivu yanakwisha", mwenziwe akaiga kwa chupa nyekundu, amekunywa dawa mara kumi ya ile ya mwenzake. Kanuni ni moja: ongea kuhusu inavyokufanya ujisikie, usitaje kipimo, usigawe chupa. Kufunga choo kunakotokana na mofini kuzungumzeni kwa uwazi kabisa, maana wazee huona haya kumwambia muuguzi na wengine huacha dawa kwa sababu hiyo, wakati dawa ya kulainisha choo inapaswa kwenda sambamba na mofini tangu siku ya kwanza. Anayekuja na mizizi ya kuuza, au anayesema acheni vidonge mje kuombewa, aambiwe siku hiyo hiyo kwamba kuombewa ni sawa, lakini kuacha vidonge si sawa.

Mashaka yangu nayasema pia. Mwaka 1989 David Spiegel na wenzake Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye kansa ya matiti iliyosambaa, na waliokutana kila wiki waliishi karibu mara mbili ya wengine. Mwaka 2001 utafiti mwingine wa Kanada, wenye wanawake 235, haukuona tofauti yoyote katika urefu wa maisha. Walioona nafuu waliiona kwenye huzuni na maumivu. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba kikundi kitakuongezea miaka, usimwamini. Nina wasiwasi pia na mwanamume mzee ambaye maisha yake yote hakuzoea kusema lililo moyoni. Huyo kumkalisha kwenye duara kunaweza kumfukuza. Mpe mtu mmoja, na wakae wakifanya kitu, wamenye njugu au wasikilize redio.

Na lipo linalonishinda: mzee ambaye watoto wamekataa aambiwe ugonjwa wake. Huwezi kumtafutia mwenzi wa ugonjwa usiokuwa na jina. Ninachofanya ni kumuuliza mzee mwenyewe, watoto wakiwepo, "Unataka kujua kiasi gani?" Mara nyingi huwa anajua.

Halafu kifo. Wenzi wa umri huu hufa, na hili watu hulikimbia wakati wa kupanga. Siku ya pili au ya tatu ya kuzungumza, kila mmoja ampe mwenziwe namba ya mtu mmoja wa nyumbani, na amwambie mtu huyo jina la mwenziwe na kwamba likitokea jambo ampigie mwenzi huyo mapema, kabla ya tangazo la redioni. Bipu zikikosa jibu siku mbili, piga namba hiyo. Ukienda kwenye msiba, si lazima useme mlijuana wapi, sema tu mlikuwa mkikutana kliniki. Kisha mwambie muuguzi, naye akupe wiki kadhaa kabla ya kukutafutia mwingine.