Je, wajua kwa nini gari la mwaka 1957 bado linauzwa likiwa jipya?

Lotus Seven ni gari dogo la michezo la Kiingereza, lenye viti viwili, lisilo na paa la chuma, na taa zake mbili za mbele zimechomoza nje kama macho ya chura. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilizindua mwaka 1957, na kampuni yake ikaachana nalo mwaka 1973. Hata hivyo, mwenye fedha anaweza leo kuagiza jipya ambalo kwa umbo halitofautiani sana na lile la zamani, isipokuwa nembo yake inasomeka Caterham.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la haraka kuhusu nembo hiyo: Caterham ni waigaji. Niliamini kwamba Lotus walipochoka, mtu fulani alilipima gari kwa futikamba, akachonga lake na kulipa jina jingine. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi kabisa, kwa kuwa Seven ni miongoni mwa magari yaliyoigwa mno duniani. Lakini kuhusu Caterham nilikosea kabisa.

Graham Nearn alianzisha Caterham Cars mwaka 1959 katika mji wa Caterham, Surrey, kusini mwa London, akiwa muuzaji wa magari ya Lotus. Aliendelea kuinadi Seven hata wakati ambapo waliolitengeneza walikuwa wameanza kuliona kama mzigo, na mwaka 1973 akanunua kutoka kwao haki ya kuliunda. Arch Motors, karakana iliyokuwa ikichomelea fremu za Lotus, ikaendelea kuchomelea za Caterham, kwa hiyo si gari tu lililorithiwa, bali hata mikono iliyolizoea. Ushahidi unaonifurahisha zaidi ni wa miaka ya 1980, Caterham walipoichukulia hatua za kisheria kampuni ya Westfield kwa kutoa gari lililofanana mno na Seven, na Westfield wakalazimika kubadili umbo la lao. Mwigaji, kwa kawaida, hana ujasiri wa kumshtaki mwenzake kwa kosa la kuiga.

Kosa langu lilikuwa na sehemu ya pili, kwani nilidhani pia kwamba Lotus waliliacha gari hilo kwa kukosa wateja tu. Kodi nayo ilihusika. Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini haikuitoza kwa vipuri ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe nyumbani, na ndiyo maana Seven nyingi ziliuzwa zikiwa vipandevipande. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa sheria haikuruhusu vipuri hivyo viambatane na maelekezo ya kuunganisha, Lotus walitoa maelekezo ya kufungua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kisa hiki kinasimuliwa kwa raha kiasi kwamba ningekipokea kwa tahadhari kidogo, ingawa kinaendana vizuri na hulka ya Chapman. Aprili 1973 kodi hiyo iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, nafuu ya kununua vipuri ikatoweka, na Chapman tayari alikuwa akiwatazama wateja wenye mifuko mizito zaidi.

Je, mfanyabiashara wa mji mdogo aliwezaje kuunda gari ambalo kampuni kubwa imelitupa? Jibu limo ndani ya fremu. Chukua mbao nne, uzipigilie misumari kwenye pembe zifanye mraba, kisha usukume pembe moja kwa mkono: mraba utalala upande. Pigilia ubao wa tano kutoka pembe hadi pembe, nao hausogei tena, kwa sababu sasa una pembetatu mbili, na pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au ukatike. Fundi anayepiga kenchi za nyumba analijua jambo hili hata kama hakulisoma popote, na ndiyo maana mbao nyembamba hubeba paa zito la vigae. Fremu ya Seven ni kenchi iliyolazwa juu ya magurudumu, iliyoundwa kwa mabomba membamba ya chuma ambayo, kwa sehemu kubwa, husukumwa au kuvutwa kwa urefu wake badala ya kupindwa. Anayetaka kuona tofauti achukue uti mmoja wa ufagio wa chelewa: kuuvunja kwa kuupinda ni jambo la mara moja, lakini kuukata kwa kuzivuta ncha zake mbili ni shughuli nyingine.

Mfano huu una mpaka wake. Pale abiria wanapokaa haiwezekani kupitisha bomba la mshazari, kwa hiyo bati za alumini zilizopigwa ribiti kwenye mabomba nazo husaidia kukaza. Matokeo yake ni gari la takribani kilo 500, na zaidi ya hapo, ni gari linaloweza kuzaliwa kwa msumeno na moto wa kuchomelea, bila mashine kubwa za kufinyanga bodi ambazo gharama yake hurudi tu kwa kuuza magari maelfu.

Nearn alianza na toleo la nne, lenye bodi ya faibaglasi, lakini vifaa vyake vilipokwisha, mwaka 1974 alirudi kwenye toleo la tatu, lile la zamani la mabomba na bati za alumini. Naona huo ndio uamuzi uliolinusuru gari. Tangu hapo kazi ikawa ya kutafuta viungo vya kupandikiza: ekseli ya nyuma ya Ford ilipoadimika ikachukuliwa ya Morris Ital, na injini zikapita za Ford, Vauxhall, Rover na hata ya Suzuki yenye sentimita za ujazo 660 tu.

Familia ya Nearn iliiuza kampuni mwaka 2005, mwenyewe akafariki mwaka 2009, na tangu 2021 mmiliki ni VT Holdings ya Japani. Mnunuzi wa Uingereza bado anaweza kuletewa Seven yake ndani ya masanduku, pamoja na kitabu cha maelekezo, ambacho sasa husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza.