Breketi haikatiki kwa sababu ya ujazo

Kila picha ninayotumiwa ya breketi ya plastiki iliyokatika, zile za printa ya 3D za kuungia mbao za stuli au rafu, huja na maneno yaleyale: "Nimejaza ndani 100% na bado imekatika." Ukiikuza picha, jibu unaliona hapohapo. Pale ilipokatika ni laini, panang'aa, na mistari ya matabaka imepangana kama kingo za kurasa za daftari. Plastiki yenyewe haikukatika, matabaka yameachana. Ingekatika kweli, pangekuwa pamechanikachanika, na kama ni PETG (aina ya plastiki ya kuchapishia) ingegeuka nyeupe kwanza pale ilipovutwa.

Suala la ujazo, yaani kiasi cha plastiki kinachojaza ndani, naomba tulimalize leo. Printa ya 3D inalaza tabaka la moto juu ya tabaka lililokwishapoa, na mshikano wa hayo mawili ni dhaifu kuliko uzi wa plastiki ukivutwa kwa urefu wake. Ukijaza ndani yote umeongeza filamenti (uzi wa plastiki unaolishwa printa), saa na uzito, lakini udhaifu kati ya tabaka na tabaka uko palepale. Breketi ya L iliyochapishwa ikiwa wima, mkono mmoja umelala na mwingine umesimama, huwa na udhaifu huo hasa kwenye kona, yaani mahali panapovutwa kuliko pote miguu ya stuli inapotaka kutanuka. Ilaze ubavu! Ikilala, kila tabaka ni L nzima, na uzi unapita kwenye kona moja kwa moja kutoka mkono hadi mkono.

Kwa nozeli (ncha inayotoa plastiki) ya mm 0.4 mimi naweka tabaka la mm 0.2, kuta 6 (mizunguko ya uzi inayofuata ukingo), ujazo kati ya 30% na 40%. Kuta 6 ni karibu mm 2.5 za plastiki tupu kila upande, na breketi ikipindwa mkazo mkubwa uko huko nje, siyo katikati. Tena kuta hizo hupita kando ya kila tundu la skrubu. Mikono iwe na mm 60, upana 40, unene 8, na kona ya ndani uiviringe. Ikiwa kali, ufa unaanzia hapo. Breketi ikichapishwa ubavu, matundu hulala na dari la kila tundu hushuka kidogo, kwa hiyo kwa skrubu ya mm 4 chora mm 4.5, kisha pitisha keekee ya mm 4.5.

Skrubu za kichwa cha koni zinazozama ziache kwenye milango. Kichwa hicho ni kabari, kinapanua tundu na kuyapasua matabaka. Tumia skrubu ambayo kichwa chake ni bapa upande wa chini, pamoja na washa, toboa mbao kwanza kwa mm 2.5 kama ni paini, 3 kama ni mninga, na ukaze kwa mkono. Skrubu isiingie kwenye kichwa cha mbao, kule inakoonyesha duara za mti. Huko inashika vibaya.

Sasa breketi za njia tatu, zile za kona zinazopendwa kwa sababu unachomeka mbao tatu na meza imesimama. Hizi zinanisumbua hadi leo. Vyovyote utakavyoilaza, mkono mmoja utakuwa na matabaka yanayoukata. Kuiinamisha nyuzi 45 kunagawa udhaifu, hakuuondoi. Njia ninayoiamini zaidi ni kupitisha bolti ndefu ya M5 (unene mm 5) ndani ya mkono ule dhaifu, na nati na washa pande zote mbili, ili chuma kiyabane matabaka pamoja. Hata hivyo, kwa kiti cha mtu mzima sitoi breketi hiyo bila mbao ya mshazari. Kwa rafu ya vitabu, sawa.

Na mzigo usiipitie plastiki kama unaweza kuukwepesha. Kwenye stuli, ubao wa kukalia ulale moja kwa moja juu ya vichwa vya miguu, uzito ushuke mbao kwa mbao hadi sakafuni. Breketi ibaki na kazi moja, kuzuia miguu isitanuke.

Breketi za soketi zinazovaa mbao pande zote zinataka nafasi. "Mbili kwa mbili", yaani mbao ya inchi 2 kwa 2, ikishapigwa randa inaweza kuwa mm 45, inaweza kuwa 47, hata kwenye ubao mmoja. Pima kwa vernia sehemu tatu, chukua kubwa, ongeza mm 1. Mbao iliyokaza kwenye soketi wakati wa kiangazi itavimba masika na kuipasua kona.

Kuhusu PLA, plastiki nyingine ya kuchapishia, nitasema kwa kifupi: inalainika karibu nyuzi 60 za sentigredi, na ikibanwa muda mrefu inalegea taratibu hata kwenye kivuli. PETG inafika karibu 80, lakini hewa ya pwani inaitia unyevu. Ukisikia nozeli inatoa vilipuko vidogo na kuacha nyuzinyuzi, kausha filamenti kwa nyuzi 65 saa sita. PETG nayo hulegea. Kwa hiyo baada ya wiki ya kwanza ya kukaliwa, pindua stuli, kaza skrubu robo mzunguko, na mulika kona za ndani kwa tochi. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaofuata tabaka, breketi hiyo itoe siku hiyohiyo.