Sauti ikikatika, spika husingiziwa

Filamu imepamba moto sebuleni, sauti inapotea sekunde mbili, kisha inarudi kana kwamba hapakuwa na kitu. Wengi huanza kulaumu spika. Spika iliyoungua kwa kawaida hainyamazi na kurudi yenyewe: hukoroma, au hufa kabisa. Zote zikinyamaza kwa pamoja, kosa liko kabla ya spika. Kabla ya kufungua pochi, tazama sauti inakatika wakati gani, na usiyameze madai kama haya.

“Dawa ni kebo ya HDMI ya bei mbaya.” Hiyo ni kebo inayobeba picha na sauti kwa pamoja. Dhahabu kwenye ncha huzuia kutu, basi. Mawimbi ya kidijitali yakifika salama kwa kebo ya bei nafuu, ya bei kubwa haiongezi kitu. Kinachohesabika ni urefu na daraja la kebo: zile za shaba zinazobeba gigabiti 48 kwa sekunde huanza kuhangaika zikizidi mita chache tu. Ukiona picha nayo inapepesa au inatoa vidoa vyeupe, hapo kebo ina kesi ya kujibu. Kama picha imetulia, peleka sauti kwa muda kupitia kebo ya optiki, inayobeba sauti kwa mwanga. Hii haibebi Dolby TrueHD, sauti ya ubora wa juu isiyopunguzwa, lakini kwa kupima inatosha: kukatika kukikoma, mshukiwa ni njia ya HDMI au mpangilio wake.

“Ikikatika kila tangazo linapoingia, risiva ni mbovu.” Mara nyingi siyo. Sauti ya stirio, ya chaneli mbili, ikibadilika kuwa Dolby ya chaneli nyingi, risiva, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuisukuma kwenye spika, hunyamaza kidogo ili itambue aina mpya ya sauti. Nyingine utazisikia zikifanya “tak” ndani. Ukichoka nayo, weka kifaa chako kitoe PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, muda wote. Gharama yake ni kwamba huenda Atmos, sauti ya Dolby inayosikika hata kutoka juu, ikapotea.

“Inakata nikiongeza sauti, kwa hiyo amplifaya haina nguvu.” Pengine inajilinda tu. Hewa ikizibwa, inapata joto na kujizima. Lakini kosa ninalolipenda kuliko yote, maana halina gharama, liko nyuma yake: uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye waya wa spika na kugusa tundu la jirani. Kwenye sauti ya chini huenda usijue. Mlipuko wa kwanza kwenye filamu, kimya. Zima umeme, chomoa waya, sokota nyuzi zishikamane, kata iliyochomoza, rudisha. Mie huzikagua kwa tochi, macho hudanganya.

“Subwufa isiyo na waya haina cha kukatika.” Inacho! Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, na maikrowevu huvujisha mawimbi yake kwenye masafa hayo hayo. Besi ikipotea kila mara mtu anapopasha chakula, usiguse mipangilio yoyote. Sogeza ruta mbali na subwufa, na chakula kipashwe kabla filamu haijaanza.